Ndovu wa Manyoya Aliyegawanywa Akiwa Hai

Paukwa!

Pakawa.

Hiyo ndiyo pakawa ya watu walioshiba? Haya, tena. Paukwa!

Pakawa!

Palikuwa na nini?

Tuambie wewe!

Palikuwa na baridi, palikuwa na mnyama, palikuwa na watu wabishi. Baridi siwezi kuwaonyesha, mnyama siwezi kuwaonyesha, lakini mtu mbishi kama hamumjui, mtazameni aliyekaa kulia kwenu. Sasa tulieni, na wewe acha kuchokoa huo moto, utatuzimia.

Hapo zamani za kale, zamani ambazo hata bibi wa bibi yangu alizisikia tu, ilikuwako nchi mbali sana kaskazini ikiitwa Sakituni. Huko maji hayakumwagika, yalivunjika. Mtu akitema mate, yanafika chini yamekuwa kokoto. Usinitazame hivyo, nimekwambia mbali.

Watu wa Sakituni waliwinda ndovu wa manyoya. Ni ndovu kama huyu wetu, ila pembe zake zimejikunja mpaka karibu zikutane, na manyoya yake marefu yanafagia theluji anapopita. Nyama yake waliila. Ngozi yake walijifunika. Mifupa yake waliijengea nyumba: paja likawa nguzo, ubavu ukawa boriti, pembe zikawa mlango.

Nao walikuwa na mila ya kugawana. Kila ukoo ulikuwa na fungu lake, fungu lile lile, vizazi na vizazi. Palikuwa na ukoo wa Pembe, ukoo wa Mdomo, ukoo wa Tumbo, ukoo wa Ngozi, ukoo wa Paja, ukoo wa Unyayo, mpaka mwisho wa mnyama. Mila hiyo ilikuwa na maana yake, tusiwaonee watu. Wenye njaa na visu mkononi wakizunguka nyama bila utaratibu, si wangechinjana wao kwa wao? Basi waligawana bila ugomvi, mwaka nenda mwaka rudi. Hata ndovu wa mwisho kabisa walimgawana vizuri, hakuna aliyelalamika. Walipomaliza kutafuna ndipo wakatazamana.

Alikuwako huko mwanamke aitwaye Sikudhani, wa ukoo wa Mkia. Mkia, jamani! Nyama ya kufukuzia nzi, na Sakituni hata nzi hakuna. Alikuwa ameolewa na Machano wa ukoo wa Paja, mwanamume mpole, mchapa kazi, asiyejua kusema hapana mbele ya wazee wake. Walijaliwa watoto watatu, na wawili wakachukuliwa na baridi. Akabaki Mwaka, binti mdogo ambaye meno ya mbele ndiyo kwanza yanamng'oka. Naye akaanza kukohoa kikohozi kile kile cha ndugu zake.

Ngozi za zamani zilikuwa zimetoboka, upepo unaingia na kutoka upendavyo. Sikudhani alimfunika mtoto kwa ngozi, akamfunika kwa nguo yake, akamfunika kwa mikono yake, na mtoto akazidi kukohoa. Akasema, "Huyu simtoi. Wawili wametosha."

Akaenda kwa Pepo wa Barafu, kule ziwani ambako watu hawafiki. Akagonga barafu kwa kisigino.

"Nani tena?" akauliza Pepo.

"Mimi, Sikudhani."

"Unataka nini?"

"Nataka ndovu wa manyoya."

"Si nyinyi mliowamaliza?"

"Ndiyo, tuliwamaliza."

"Na sasa mnawataka?"

"Sasa tunawataka. Manyoya tu, mtoto wangu ajifunike."

Pepo akashusha pumzi, na barafu ikapasuka kutoka ukingo hadi ukingo. "Watu nyinyi mnachosha," akasema. "Haya. Niletee mifupa yote ya yule wa mwisho, usikosekane hata mmoja. Nitamrudisha yeye kwanza. Mkiweza kukaa naye mpaka theluji iyeyuke, nitawarudisha na wenzake. Mkishindwa na huyu mmoja, msinigongee tena."

Mifupa ilikuwa wapi? Ilikuwa kwenye nyumba za watu. Sikudhani akaanza kupiga hodi.

Akaenda kwa Mzee Kirobo, mkubwa wa ukoo wa Pembe. "Mzee wangu, naomba pembe."

"Pembe ndizo mlango wangu! Wageni wataingilia wapi?"

"Wageni gani, mzee? Nani amekutembelea tangu nyama iishe?"

"Sitoi."

"Shauri lako. Ndovu akirudi hana pembe, ukoo wa Pembe utadai nini?"

Mzee Kirobo akakuna kidevu. "Hata hivyo huu mlango unapitisha upepo," akasema. "Zichukue."

Akaenda kwa ukoo wa Paja, kwa wakwe zake. "Wazee wangu, naomba paja."

"Hiyo ndiyo nguzo ya kati! Nyumba itatuangukia."

"Shauri lenu. Ndovu akirudi hana paja, ukoo wa Paja utadai nini?"

"Lichukue."

Akaenda kwa ukoo wa Mdomo. "Ndugu zangu, naomba taya."

"Bibi amelikalia, ndicho kiti chake."

"Mwinueni. Ndovu akirudi hana taya, ukoo wa Mdomo utadai nini?"

Bibi akainuka mwenyewe.

Basi ikawa hivyo nyumba baada ya nyumba. Sikudhani aliburura mifupa akicheka peke yake, akidhani amewazidi ujanja. Kumbe hakuwazidi ujanja hata kidogo, aliwakumbusha mafungu yao tu, na hilo lilikuja kumtokea puani.

Akapanga mifupa juu ya barafu, akaimba. Nanyi mniitikie, mdomo haukodishwi:

*Mfupa njoo kwa mfupa, nyama njoo kwa nyama,*
*Manyoya tufunikeni, baridi yatuandama.*

Njoo, mama, njoo!

Akaimba mara ya kwanza, mifupa ikatikisika. Akaimba mara ya pili, mifupa ikashikana. Akaimba mara ya tatu, nyama ikapanda, ngozi ikatanda, manyoya yakashuka mpaka chini, na ndovu jike, mkubwa kuliko nyumba, akainuka na kupiga chafya.

"Nani kaniita?" akauliza ndovu.

"Nimekuita mimi."

"Umeniita kwa mkuki au kwa majani?"

"Kwa majani."

"Na watu wako wanajua hivyo?"

"Watajua," akasema Sikudhani.

Watajua! Haya, tuendelee.

Siku ile kijijini ilikuwa furaha tupu. Wanawake walipiga vigelegele, wazee walilia machozi yakagandia ndevuni. Machano alimbeba Mwaka begani, mtoto akatumbukiza mikono yote miwili katika manyoya, akacheka bila kukohoa. Sikudhani alipoona hivyo alikaa chini pale pale kwenye theluji.

Asubuhi yake akatoka na kibuyu cha maji ya moto, akamkuta ndovu amezungukwa na watu wenye udongo mwekundu. Wanamchora. Mstari hapa, mstari pale, alama ya ukoo huu, alama ya ukoo ule.

"Mnafanya nini?" akauliza.

"Tunaweka alama, kusije kukatokea ugomvi."

"Ugomvi wa nini, na mnyama hachinjwi?"

"Hachinjwi, tunajua, sharti la Pepo umetuambia. Lakini fungu ni fungu."

Sikudhani akasema moyoni, waache wachore, udongo haumuumizi mtu. Jioni yake akakuta Mzee Kirobo amezifunga pembe kwa ngozi, zimefungwa gubigubi.

"Mzee, hizo pembe ndizo anazofukulia theluji apate majani!"

"Hivyo ndivyo nisivyotaka. Atazikwaruza. Unazijua pembe zetu zilivyokuwa ziking'aa?"

Kesho yake ukoo wa Unyayo wakamfunga ndovu miguu kwa kamba za mshipa.

"Kwa nini mnamfunga?"

"Akitembeatembea, nyayo zetu zitalika."

Basi ndovu akasimama mahali pamoja, hafukui, hatembei, anasubiri kuletewa. Alikuwa na adabu zake, na alikuwa ameahidiwa majani. Sikudhani akaenda kwa ukoo wa Mdomo.

"Mlisheni mnyama, mdomo ni wenu."

"Mdomo ni wetu, ndiyo. Lakini tukimlisha, majani yanakwenda kukaa wapi?"

"Tumboni."

"Tumbo la ukoo gani? Tuwanenepeshee watu fungu lao, sisi wapumbavu?"

Akaenda kwa ukoo wa Tumbo. "Mlisheni mnyama, tumbo ni lenu."

"Tungependa sana, Sikudhani. Lakini tutapitishia wapi? Mdomo si wetu. Sisi hatugusi vya watu."

Sikudhani akashika kichwa. Akaenda mwenyewe porini, akafukua theluji kwa kucha mpaka vidole vikachubuka, akarudi na mzigo wa majani. Hajamfikia ndovu, watu wa Mdomo wakamzuia njiani.

"Wewe wa Mkia, unakwenda kushika mdomo wa watu?"

"Basi mnataka nimlishe kupitia kwenye mkia?"

Wakafikiri! Naapa, walisimama wakafikiri, na mmoja akauliza kama kweli inawezekana.

Akamwendea mumewe. "Baba Mwaka, sema na wazee wenu. Mnyama anakufa njaa."

"Mke wangu, hata mimi naliona hilo," akasema Machano. "Lakini sisi wa Paja tulaumiwe kwa lipi? Paja tunalitunza. Tunalisugua mafuta kila asubuhi. Umeliona linavyopendeza?"

"Nimeliona, Machano. Linapendeza juu ya mnyama anayekufa."

Machano akainamisha kichwa. Alikuwa anampenda mkewe, na alikuwa anawaogopa wazee, na kwake haya mawili hayakuwahi kulingana uzito.

Baridi ikazidi. Kikohozi cha Mwaka kikashuka kifuani, mtoto akawa anakohoa mpaka anasahau alichotaka kusema. Na nyumba sasa zilikuwa mbaya kuliko mwanzo, maana mifupa imetoka na hakuna aliyeziba mapengo. Pale aliposimama ndovu, manyoya yalikuwa yakidondoka vishungi vishungi, kwa njaa. Sikudhani akainama aokote kishungi kimoja.

"Weka chini!" Ni mama mmoja wa ukoo wa Ngozi. "Manyoya yanaota kwenye ngozi, na ngozi ni yetu."

"Dada yangu, yameshadondoka."

"Yamedondoka yakiwa yetu."

"Basi yaokoteni nyinyi, mnipe kidogo, mtoto wangu anakufa."

"Tungekupa. Ila yamedondokea miguuni, na ukoo wa Unyayo wanasema hapo ni pao. Mpaka tukae kikao."

"Mtakaa lini?"

"Tukikubaliana nani atangulie kuongea."

Upepo ukavuma, ukayazoa manyoya yote mbele ya macho yao, ukaenda nayo. Hakuna aliyemdai upepo.

Ndovu akasema polepole, "Sikudhani, mara ya kwanza nilikufa haraka. Walikuwa hodari siku hizo."

Hapo Sikudhani akachoka. Akachukua kipande cha ubavu wa zamani, akagonga nyumba kwa nyumba mpaka watu wote wakatoka, akasimama katikati yao.

"Nisikilizeni," akasema. "Nimewazika wawili. Wa tatu anakohoa ndani pale, nyote mnamsikia. Nilikwenda kwa Pepo peke yangu, nikaburura mifupa peke yangu, nikaimba peke yangu. Mmeletewa mnyama mzima, na hakuna hata mmoja wenu anayemwona. Huyu anaona pembe, huyu anaona paja, huyu anaona unyayo! Mtazameni basi! Mbavu zinahesabika! Mfungueni ale. Niachieni manyoya nimfunike mtoto. Sina neno lingine, nimemaliza."

Mzee Kirobo akasimama, akajikohoza.

"Sikudhani amesema kweli," akasema. "Mnyama anakonda."

Sikudhani akapata matumaini. Ndiyo, hata baada ya yote yale, maskini akapata matumaini.

"Na akikonda," akaendelea Mzee Kirobo, "mafungu yanapungua. Tukimwacha hivi atatufia, tugawane mifupa. Mimi naona achinjwe leo hii, angali na nyama."

"Ukoo wa Paja tunakubali," wakasema wa Paja.

"Ukoo wa Mdomo tunakubali," wakasema wa Mdomo.

"Ukoo wa Tumbo tunakubali kabisa," wakasema wa Tumbo.

Tangu ndovu arudi, hilo ndilo jambo la kwanza walilokubaliana. Wakapeana mikono. Mzee Kirobo akamgeukia Sikudhani kwa upole. "Na wewe, binti yangu, usiwe na wasiwasi. Mkia wako utaupata wote, hakuna atakayekudhulumu."

Wakaenda kunoa visu. Jiwe la kunolea lilikuwa moja, basi wakaanza kugombania nani aanze.

Sikudhani hakungoja mshindi. Akaingia ndani, akamviringisha Mwaka kwa vyote alivyokuwa navyo, akatoka na kisu chake cha jikoni. Akakata kamba za miguu. Akapasua ngozi zilizofunga pembe. Ndovu akainamisha kichwa, akachimba theluji mara moja tu, majani haya hapa, chini pale pale aliposimama muda wote ule. Akala funda, akala la pili, akala la tatu.

"Unaweza kutembea?" akauliza Sikudhani.

"Nikila, naweza."

"Utanibebea mtoto?"

"Mpandishe."

Lakini mgongo ulikuwa juu, mikono ya mama haikufika. Akajaribu, akateleza. Mara akasikia mtu nyuma yake. Ni Machano. Akamchukua mtoto, akamnyanyua juu kabisa mpaka akazama katika manyoya, vikabaki vimacho viwili. Kisha akampa mkewe goti akanyage, naye akapanda.

"Mama," akasema Mwaka, "huku kuna joto."

Sikudhani akanyoosha mkono chini. "Na wewe panda, Baba Mwaka."

Machano akautazama ule mkono. Akatazama kule visu vinakonolewa. "Nitawaambia nini wazee? Paja ni letu, Sikudhani. Mimi ndiye nitakayeulizwa."

"Basi panda ulilinde."

Hakupanda. Alisimama tu, mikono imening'inia. Ndovu akaanza kwenda.

Watu walipogeuka na kuona, wakatoka mbio na visu, kelele zikajaa bonde zima.

"Pembe zetu!"

"Ngozi yetu!"

"Tumbo letu linaondoka!"

Sikudhani alikuwa amekaa na mwanawe kifuani, akitega sikio. Hakuwa akisikiliza pembe wala ngozi. Alikuwa akisubiri mtu mmoja, yeyote yule, alitaje jina la mtoto. Hata mara moja tu. Akasikia sauti anayoijua, sauti ya aliyelala naye ubavuni miaka yote ile, ikiita kwa nguvu kuliko zote:

"Paja letu! Rudisha paja letu!"

Basi hakutazama nyuma tena.

Mngeniuliza, kwa nini hawakumkamata, na ndovu alikuwa dhaifu, anakwenda kwa kujikongoja? Wangemkamata. Walikuwa wamekaribia. Lakini mkubwa wa ukoo wa Unyayo alitangulia mbele ya watu, akatandaza mikono juu ya njia aliyopita ndovu, akapiga kelele, "Simameni! Nyayo hizi ni zetu! Asikanyage mtu bila ruhusa!"

Wakasimama. Wakabishana kama alama ya mguu nayo ni mguu. Walikuwa bado wanabishana theluji ilipoanza kuanguka, ikafukia nyayo moja baada ya nyingine, na hakuna aliyejua tena ndovu ameelekea wapi. Machano peke yake alibaki amesimama pale hata wengine waliporudi kwenye nyumba zao zisizo na milango. Anaitwa na wazee, haitiki. Hii ndiyo mara yake ya kwanza kutoitika, na aliyepaswa kuliona hilo ameshakwenda zake.

Haya. Funzo lake ni hili, na silisemi mara mbili: mnyama akiwa hai hana mafungu. Anayetaka paja, na amlishe mwenye paja. Na mtoto akikohoa, mfunikeni kwanza, kikao baadaye.

Hadithi yangu imefika ukingoni. Ikiwanogea, ichukueni nzima nzima. Isiponoga, niachieni nzima vile vile. Na nikisikia yeyote kati yenu akisema ule wimbo ni wa kwao na wengine wasiuimbe, wallahi, leo atalala nje na huu moto ninauzima kwa mguu wangu mwenyewe.